Somo la 8: Mikono Minne, Nyumba Moja

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mdo 18:1–3, Hag 1:5–9, Lk 14:28–30, Kum 22:8, Yer 22:13, 2 Fal 4:1–7, Yn 6:12, 1 Sam 25:2–35, Kut 16:19–24.

Fungu la Kukariri: Mithali 24:3, 4. Mume na mke walikariri pamoja, mmoja aya ya 3 na mwenzake aya ya 4.

Akila na Prisila walifika Korintho wakiwa watu waliohamishwa. Kaisari Klaudio alikuwa ameamuru Wayahudi waondoke Rumi, nao wakaondoka. Aliyewahi kuhama kwa ghafla anajua ni vitu vingapi huachwa nyuma. Walichokuja nacho bila shaka ni ujuzi wa mikono yao. Paulo alipowatafuta, aliwakuta wakishona mahema, akakaa nao na kufanya kazi pamoja nao kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Agano Jipya linawataja mara sita, na hakuna hata mara moja ambapo mmoja ametajwa bila mwenzake. Baadaye nyumba yao ikawa mahali pa kanisa kukutania, kwanza Efeso, kisha Rumi (1 Kor 16:19, Rum 16:3–5).

Washiriki wengi leo wanaishi maisha yenye shughuli kama hizo. Mmoja huondoka alfajiri na daladala ya kwanza, mwingine anarudi kutoka zamu ya usiku. Mishahara ni miwili, lakini ifikapo tarehe 20 hakuna kitu. Bomba linavuja jikoni tangu mwezi uliopita. Mlango wa kabati umening'inia kwenye bawaba moja. Chakula cha jioni kinanunuliwa njiani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuloweka maharage. Ukiwachunguza watu hawa hutakuta anasa. Hawanywi pombe, hawachezi kamari, zaka wanatoa. Fedha yao inaondoka kwa sababu wamechoka, na mtu aliyechoka hulipia kila kitu ambacho angeweza kukifanya mwenyewe kwa nusu saa.

Juma hili linaangalia kazi ndogondogo za nyumbani ambazo mume na mke wanaweza kuzifanya wenyewe kwa gharama ndogo, na linauliza fedha inayookolewa inaokolewa kwa ajili ya nini, na kwa mgongo wa nani.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Ndoo Chini ya Bomba

Soma Hagai 1:5–9. Watu hawa walifanya kazi kwa bidii. Kwa nini hawakuona matunda yake?

Hagai anawazungumzia watu waliopanda mbegu nyingi na kuvuna kidogo, waliopokea ujira wao na kuutia katika mfuko uliotoboka. Ujumbe wake wa kwanza ni hekalu lililoachwa magofu wakati kila mtu anashughulikia nyumba yake, na haifai kuugeuza unabii huo kuwa somo la hesabu za jikoni tu. Lakini angalia njia anayotumia nabii. Kabla ya kuwatuma mlimani kuleta miti, anawaambia mara mbili wazitafakari njia zao (aya 5 na 7). Kwanza watazame. Kazi inafuata baadaye.

Kwa familia ya Kiadventista, Jumapili ndiyo siku ya kazi za nyumbani. Majirani wameenda ibadani, mtaa umetulia, na mara nyingi ndiyo siku pekee ambayo wote wawili wapo. Katika Jumapili ya kwanza wasitengeneze chochote. Wachukue daftari la mtoto lililobaki kurasa, wazunguke nyumba pamoja kuanzia mlango wa mbele hadi choo cha nyuma, na kuandika kila kinachovuja, kinacholegea na kinachowaka bila mtu.

Bomba linaloangusha tone moja kila sekunde huangusha matone 86,400 kwa siku. Ikiwa matone manne hufanya mililita moja, hiyo ni zaidi ya lita 21, yaani ndoo kubwa imejaa na kumwagika. Asiyeamini aweke ndoo chini ya bomba usiku mmoja. Mara nyingi kinachohitajika ni washa ya mpira ambayo bei yake haifikii hata nauli ya fundi, spana moja, na mtu wa kufunga maji kwenye koki ya nje karibu na mita. Kazi hii inataka watu wawili hasa: mmoja afungue bomba, mwingine awe kwenye koki, wakiitana.

Kwenye umeme, hesabu ni rahisi vilevile. Globu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa nne kila jioni hutumia yuniti 7.2 kwa siku 30. Taa ya LED ya wati 9, ikiwaka muda uleule, hutumia yuniti 1.08. Nyumba yenye globu tano za namna hiyo inachoma yuniti 30 na zaidi kila mwezi bila kupata mwanga wowote wa ziada. Wenye mita ya LUKU wanaweza kufanya jaribio jingine: wazime kila kitu, waandike yuniti zilizobaki, wawashe friji peke yake kwa saa kadhaa, kisha wasome tena. Mpira wa mlango wa friji uliochakaa hugundulika hivyo. Njia nyingine ni kuubana mlango na kipande cha karatasi. Karatasi ikitoka bila kukwama, baridi nayo inatoka.

Ni vema wote wawili waone daftari lile. Mara nyingi mke anajua bei ya kila fungu la mchicha na mume anajua bili ya maji, au kinyume chake, na hakuna anayejua vyote. Kuzunguka nyumba kwa saa moja kunaweza kuwa mazungumzo yao ya kwanza ya fedha ambayo hayakuanza kwa lawama.

JUMATATU

Viti Vinne kwa Senti 62

Mwezi Aprili 1852, James na Ellen White walihamia Rochester, katika jimbo la New York. James alikuwa na umri wa miaka 30, Ellen miaka 24. Walikuwa wanaanzisha uchapaji, na hawakuwa na fedha ya kukodi ofisi. Walikodi nyumba kuukuu kwa dola 175 kwa mwaka, wakaiweka mashine ya kuchapia humo humo ndani, ili wasilipe kodi mara mbili. Waandikaji, wachapaji na wageni walikaa na kula katika nyumba hiyohiyo.

Ellen aliwaandikia marafiki barua mwezi huohuo, akaeleza vyombo vya nyumba. Vitanda viwili vikuukuu vilinunuliwa kwa senti 25 kila kimoja. James alileta nyumbani viti sita vya zamani, visivyofanana hata viwili, kwa dola moja. Baada ya siku chache akaleta vingine vinne kwa senti 62. Hivi vinne havikuwa na pa kukalia. Lakini fremu zake zilikuwa imara, na Ellen alikuwa akivitengenezea vikalio kwa kitambaa kizito cha pamba. Milo yao ya kwanza walikula juu ya ubao uliowekwa juu ya mapipa mawili matupu ya unga. Siagi ilikuwa ghali, hawakuinunua. Viazi pia vilikuwa ghali, wakala tanipu badala yake.

Barua hiyo ina mambo ambayo mume na mke wa leo wanaweza kuyatumia Jumapili ijayo.

La kwanza ni jicho la kununua. James hakununua takataka kwa sababu ni rahisi. Alinunua fremu. Kiti kilichokosa kikalio kinatengenezeka jioni moja, lakini kilichooza miguu au kuliwa na mchwa ni kuni. Anayekwenda kununua meza au kabati la mtumba akigeuze kichwa chini kitu anachokitaka kabla ya kuuliza bei. Akitikise aone kama maungio yanacheza. Abonyeze miguu kwa ncha ya ufunguo: mbao nzima hukataa, iliyoliwa hubonyea. Atazame kama kuna unga mwembamba wa mbao chini yake, maana huo ni dalili ya wadudu walio hai ndani. Maungio yaliyolegea tu si shida. Yanatenganishwa, gundi ya zamani inakwanguliwa hadi mbao ionekane, gundi mpya ya mbao inapakwa, kisha kiti kinafungwa kwa kamba iliyokazwa kwa kuzungushia kijiti, na kuachwa hadi kesho yake. Wengi hushindwa hapo kwenye kukwangua. Gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani.

La pili ni mgawanyo. Mume alitafuta viti, mke alishona vikalio. Hakuna aliyefanya yote, wala hakuna aliyekaa akingoja mwenzake amalize. Na aliyeandika barua ile haonekani kuona aibu kwa viti visivyofanana.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Walijua kwa nini wanabana. Mwezi Mei mwaka huohuo gazeti la Review lilianza kuchapwa katika nyumba ile, na kila senti iliyookolewa kwenye viti ilikuwa na mahali pa kwenda. Mke anayeambiwa tu kwamba sukari ipunguzwe ataona amenyimwa. Mke anayejua kwamba sukari inapunguzwa ili mtoto amalize muhula bila deni, naye amekubali hivyo, anapika chai ileile kwa moyo mwingine. Hali ni hiyohiyo kwa mume anayeambiwa aache kununua soda kila mchana kazini.

Hata hivyo historia ya nyumba ile isielezwe nusu. Kazi ilikuwa nyingi, chakula kilikuwa hafifu, na ugonjwa uliingia. Nathaniel na Anna, ndugu wa James waliokuja kuishi na kusaidia kazi pale, walikufa kwa kifua kikuu ndani ya miaka miwili iliyofuata. James mwenyewe aliendelea kufanya kazi kupita kiasi mwaka baada ya mwaka, na Agosti 1865 alipatwa na kiharusi. Ujumbe wa afya ambao kanisa linauthamini leo uliwafikia watu waliokwisha kulipa gharama ya kuidharau miili yao. Anayebana matumizi kwa kupunguza usingizi na mboga anahamisha deni tu, kutoka dukani kwenda hospitalini.

Je, kuna jambo gani ambalo wewe na mwenzi wako mnabana matumizi kwa ajili yake? Kama kila mmoja ataulizwa peke yake, je, majibu yatafanana?

JUMANNE

Kuketi na Kuhesabu

Soma Luka 14:28–30. Yesu anazungumzia gharama ya kumfuata, lakini mfano wake ameuchukua kutoka kwa mtu aliyeanza kujenga bila kuhesabu. Wasikilizaji wake waliwajua watu wa namna hiyo.

Chukua kazi ya kupaka rangi chumba. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za mita 2.7 kina eneo la ukuta la mita za mraba 32 hivi, kabla ya kutoa mlango na dirisha. Mikono miwili ya rangi ni mita za mraba 65. Kopo la rangi limeandikwa lita moja inafunika mita ngapi. Ikiwa ni 10, zinatakiwa lita 6 na nusu, yaani makopo mawili ya lita 4. Anayenunua moja kwa makisio atarudi dukani siku nyingine, atakuta rangi ya mchanganyo tofauti kidogo, na ukuta utakuwa na mstari ambao kila mgeni atauona. Kuosha ukuta, kuziba nyufa na kupiga msasa huchukua muda mrefu kuliko kupaka kwenyewe. Watu wenye shughuli nyingi wafanye maandalizi Jumapili moja na kupaka Jumapili inayofuata. Chumba kisichoanzwa hakimsumbui mtu, lakini kilichokaa miezi mitatu na ngazi katikati kimevuruga ndoa nyingi kuliko tunavyodhani.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukuta mdogo wa darini ulihusu nini hasa?

Sheria hii ilimtaka mwenye nyumba mpya ajenge kizuizi juu ya dari ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Ilikuwa gharama isiyoongeza uzuri wala chumba, na Mungu aliidai. Kwa hiyo zipo kazi ambazo mwenye nyumba asizifanye mwenyewe kwa kisingizio cha kubana matumizi. Kubadilisha taa ni kazi ya nyumbani, lakini kuvuta waya mpya ukutani, kugusa kikata umeme kikuu au kuunganisha pampu ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mpira wa gesi uliopasuka haufungwi kwa utepe. Unanunuliwa mwingine, na maungio yanajaribiwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Bati la juu si mahali pa kupanda peke yako jioni ukitoka kazini.

Fundi naye akiitwa, alipwe. Yeremia 22:13 inatamka ole juu ya anayejenga nyumba yake kwa dhuluma na kumtumikisha mwenzake bila ujira. Kuna waumini wanaojisifu kwamba walimpunguza fundi hadi akabaki na nauli tu, au kumwacha arudi mara tano kudai salio. Hicho nacho huitwa kubana matumizi, lakini Yakobo 5:4 inaeleza kilio cha namna hiyo kinafika kwa nani. Bora kukubaliana bei kabla, kuiandika, na kumwomba fundi aruhusu mwenye nyumba asimame karibu ajifunze. Wengi wanakubali kwa furaha.

JUMATANO

Kilichomo Nyumbani

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Elisha alimuuliza mjane maswali gani kabla ya kumpa maelekezo?

Mjane alikuja na deni na wana wawili waliokuwa karibu kuchukuliwa utumwani. Nabii alitaka kujua ana nini nyumbani. Kulikuwa na chupa ya mafuta. Aliazima vyombo kwa majirani, akafunga mlango, na wanawe wakamletea vyombo yeye akimimina. Muujiza ni wa Mungu, lakini ndani ya muujiza ule familia nzima ilikuwa kazini. Na agizo la mwisho lina mpangilio wake: auze mafuta, alipe deni kwanza, kisha wao waishi kwa kilichosalia.

Jikoni ndiko kunakopotea fedha nyingi kimyakimya, na ndiko kunakookolewa haraka. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa mkaa au gesi kidogo sana kuliko yaliyotiwa makavu. Tena kuna njia inayowafaa wanaoondoka asubuhi. Mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, chemsha kwa nguvu. Yaache yatokote kwa dakika kumi kamili au zaidi, na hatua hii isirukwe, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo joto la chini haliiui. Baada ya hapo sufuria iliyojaa vizuri, yenye mfuniko unaobana, iondolewe motoni na kuzikwa katika kapu lililojazwa matambara, blanketi kuukuu au majani makavu ya migomba pande zote, chini na juu. Joto lililomo linaendelea kupika kwa saa kadhaa bila moto. Jioni yanachemshwa tena na kuungwa. Kapu lenyewe linaweza kutengenezwa Jumapili moja kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa hadi mwisho, na sufuria iwe kubwa, maana chakula kidogo hupoa haraka.

Kwa wasio na shamba, gunia linatosha. Udongo uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Katikati ya gunia lisimamishwe kopo lisilo na kitako, lijazwe kokoto, udongo umwagwe kuzunguka, kisha kopo livutwe juu na kujazwa tena, hadi kuwe na nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Maji yakimwagwa kwenye nguzo hiyo hufika hadi chini badala ya kulowesha juu tu. Miche ya sukuma wiki hupandwa juu na katika matundu ya pembeni. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kumwagilia siku nyingi. Mchicha uliopandwa juu huanza kuchumwa ndani ya mwezi. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukabidhiwa gunia lake.

Mvua nayo ipokelewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati la mita za mraba 40 likipokea milimita 20 huteremsha hadi lita 800, na upotevu ukitolewa bado ni mapipa matatu. Maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege yaachwe yapite, na ya kunywa yachemshwe.

Katika Yohana 6:12, Yeye aliyetoka kulisha maelfu kwa neno lake aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, visipotee. Hakuwa na upungufu.

ALHAMISI

Mzigo wa Nani?

Soma 1 Samweli 25:2–35. Nabali alikuwa na kondoo elfu tatu. Nini kilimfanya asitoe hata mkate?

Nabali ni sura ya ubahili iliyovaa nguo za uangalifu. Alisema mkate wake, maji yake, nyama yake, wanyoaji wake. Mkewe Abigaili ndiye aliyeokoa nyumba ile kwa kutoa, na ilimbidi afanye hivyo bila mumewe kujua. Nyumba ambayo mtu mwenye busara analazimika kutenda kwa siri imekwisha kuharibika, hata kama ghala limejaa.

Kubana matumizi kunaweza kuingia kwenye shimo hilo kwa njia ya heshima kabisa. Mume anasoma kuhusu kapu la kupikia na bustani ya gunia, anafurahi, anatangaza kwamba nyumba itaokoa fedha. Kisha nani analoweka maharage saa nne usiku? Nani anamwagilia gunia saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda zamu? Ikiwa jibu ni mke peke yake, hakuna kilichookolewa. Kazi imetolewa kwa muuza chakula wa njiani aliyekuwa akilipwa, ikapewa mtu asiyelipwa ambaye tayari alikuwa amechoka. Wagalatia 6:2 haikuandikwa kwa ajili ya kanisani tu. Kabla ya kuanza mradi wowote, mume na mke waandike katika lile daftari nani atafanya nini, siku gani, na kazi gani ya zamani itaachwa ili hii mpya ipate nafasi. Nguo zikipigwa pasi zote kwa mara moja Jumapili usiku badala ya kila asubuhi, umeme unapungua na asubuhi inapata dakika kumi. Mume anaweza kushika pasi. Haijawahi kumdhuru mtu.

Siri ni hatari nyingine. Mikopo ya kausha damu imeingia katika nyumba nyingi za waumini bila mwenzi mmoja kujua, mara nyingi ikichukuliwa kwa nia njema: ada, msiba, mtaji wa biashara ndogo. Bomba likitengenezwa likaokoa shilingi elfu kadhaa, na huku mmoja anarejesha riba kila juma kwa siri, maji yanazibwa upande huu na kububujika upande ule. Kulisema jambo kama hilo mbele ya mume au mke kunahitaji ujasiri kuliko kupanda juu ya bati. Mwenzi anayeambiwa naye ana kazi yake: asikilize hadi mwisho kabla ya kuinuka. Wakishindwa wenyewe, wamwendee mzee wa kanisa au mchungaji mwenye kutunza siri, si dada wa mtaa wa pili.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Kutoka 16:19–24. Mana iliyofichwa hadi asubuhi kwa kutotii iliingia mabuu na kunuka. Mana iliyotunzwa kwa ajili ya Sabato, katika vyombo vilevile na jua lilelile, haikuharibika. Kutunza kulikuwa kwa namna moja, lakini kusudi lilitofautiana. Soma pia Mithali 31:10–31, ukiangalia jinsi mume anavyomwamini mkewe, na Nehemia 3:12, ambapo Shalumu anajenga ukuta pamoja na binti zake.

Katika kitabu cha Ellen White kilichotolewa mwaka 1905, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kama Huduma ya Uponyaji, sura zinazohusu nyumba zinashauri vyombo vya kawaida, vinavyostahimili kushikwa na watoto, vinavyosafishika kwa urahisi na vinavyoweza kubadilishwa bila gharama kubwa. Ushauri huo uliandikwa na mwanamke aliyewahi kushona vikalio vya viti vya senti 62.

Ijumaa mchana ni wakati wa kufunga miradi. Spana irudi kwenye boksi, rangi ifunikwe, ngazi itolewe sebuleni. Kapu la kupikia lina nafasi yake leo: chakula kikichemshwa na kuzikwa humo kabla ya jua kuzama kitakuwa bado kina moto kwa mlo wa jioni, na mama wa nyumba ataingia Sabato akiwa ameketi pamoja na wengine.

Maswali ya Kujadili:

1. Akila na Prisila walifanya kazi moja mahali pamoja. Mume na mke wenye kazi tofauti na zamu tofauti watapata wapi saa moja kwa juma ya kutazama nyumba yao na fedha yao pamoja? Darasa litoe mifano halisi, si matamanio.

2. Ni tofauti gani kati ya uangalifu wa Mithali 31 na ubahili wa Nabali? Je, mtoto anayeishi ndani ya nyumba anaweza kuitambua tofauti hiyo kabla ya wazazi?

3. Dada mmoja kanisani anasema amechoka na miradi ya kubana matumizi kwa sababu yote imeishia mikononi mwake. Mumewe ni shemasi, na yumo katika darasa hilihili. Mwalimu wa darasa aongoze vipi mazungumzo bila kumdhalilisha yeyote?

4. Kikundi chenu kina mafundi bomba, maseremala, mafundi umeme na akina mama wanaojua bustani ya gunia. Pangeni Jumapili moja katika robo hii ambapo kila mmoja atawafundisha wengine jambo moja, bila malipo, katika nyumba ya mshiriki ambaye ni mjane au anayeishi peke yake. Nani ataleta spana, na mtaanza na nyumba ya nani?